Kaifi Azmi: Je, Mshairi Anayelipwa Huwa Ameiuza Kalamu Yake?

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa karatasi ya fasihi, hebu tuanze na swali nililoulizwa darasani. Tulikuwa tukijadili nyimbo na ushairi katika Kidato cha Tatu. Mwanafunzi mmoja wa kike akainua mkono, akauliza: mtunzi wa taarab anayechukua mahadhi ya filamu ya Kihindi na kuyajaza maneno yake ya Kiswahili, je, naye ni mshairi? Na ikiwa amelipwa kutunga, je, utungo huo bado ni wake? Wenzake waliangua kicheko. Mimi nilitoa jibu la haraka kuhusu vina na mizani, kengele ikalia, nikatoka nikijua kwamba sikumjibu.

Swali lile si la mzaha. Sisi wa pwani ya Kenya tumelelewa na sauti ya Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka wa 2014. Aliimba mashairi mazito, baadhi yakiwa ya Ahmad Nassir Juma Bhalo, mtunzi wa Malenga wa Mvita, na mara nyingi aliyatia katika mahadhi yenye asili ya filamu za Kihindi. Mhakiki anayeipuuza sanaa hiyo kwa sababu mahadhi ni ya kuazima atakuwa amewatupa nje ya fasihi watunzi wengi wa haki.

Katika makala haya nakualika tulitafute jibu kule kule mahadhi yalikotoka. Tutapitia maisha ya Kaifi Azmi, mshairi wa Kiurdu aliyetunga nyimbo na kuandika miswada ya filamu za Kihindi mjini Bombay, mji uitwao Mumbai tangu 1995. Alilipwa, aliagizwa, na alifungwa na mahadhi ya wengine. Tuone kama kalamu yake iliuzwa.

Mtoto wa Mijwan

Kaifi alizaliwa katika kijiji cha Mijwan, wilaya ya Azamgarh, kaskazini mwa India. Mwaka unaotajwa sana ni 1919. Jina alilopewa na wazazi ni Athar Husain Rizvi. Kaifi ni lakabu yake ya kishairi, na Azmi humhusisha na Azamgarh. Jambo hili halitakuwa geni kwako, msomaji. Washairi wetu nao hujiita malenga, ustadhi, au hubandika jina la mji wao mwishoni mwa jina.

Nyumba yao ilikuwa ya watu wa Shia wenye mashamba, na ushairi ulikuwa chakula cha kila siku. Kisa kimoja cha utotoni hakina budi kutajwa. Akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, alisoma ghazal yake mbele ya hadhara ya washairi. Wazee walimsifu, lakini walidhani amekariri utungo wa kaka yake. Ili kuondoa shaka, alipewa mshororo mmoja akaambiwa atunge kwa mizani na vina vilevile. Alitunga, na wakakubali. Baadaye mwimbaji mashuhuri Begum Akhtar aliiimba ghazal hiyo.

Tulia kidogo hapa. Ghazal hujengwa kwa beti za mishororo miwili miwili. Beti zote hufuata kina kimoja, na mara nyingi baada ya kina huja neno au kifungu kinachorudiwa bila kubadilika. Lakini kila ubeti hujitegemea kimaana. Waweza kuunyofoa ukasimama peke yake. Utungo wa aina ya pili, uitwao nazm, huwa na wazo moja linaloendelezwa toka mwanzo hadi mwisho, kama lilivyo shairi letu la kawaida. Kaifi alianza na ghazal, ila jina lake lilijengwa na nazm. Ona pia kwamba mtihani wa kwanza wa maisha yake ulikuwa wa kutunga ndani ya kipimo alichowekewa na wengine. Tutalirudia jambo hilo.

Lugha Moja, Hati Mbili

Watahiniwa wengi huuliza: huyu aliandika Kiurdu au Kihindi? Katika mazungumzo ya kila siku lugha hizi mbili hukaribiana sana, hata wasemaji wake huelewana bila mkalimani. Tofauti kubwa huonekana katika maandishi na katika msamiati wa juu. Kiurdu huandikwa kwa hati iliyotokana na ile ya Kiarabu na Kiajemi, na huchota msamiati wake huko. Kihindi huandikwa kwa hati ya Devanagari, nacho huchota katika Kisanskriti.

Kaifi aliandika kwa hati ya Kiurdu. Hata hivyo filamu haisomwi, husikilizwa. Mtu asiyeijua hata herufi moja ya Kiurdu alikaa gizani katika ukumbi wa sinema, akaelewa, akalia. Hivyo filamu iliyoitwa ya Kihindi ikawa njia ya ushairi wa Kiurdu kuwafikia watu ambao kitabu kisingewafikia kamwe. Nasi tunajua habari ya hati. Tenzi zetu za kale ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu kabla ya kuingia katika vitabu vya hati ya Kirumi. Aliyeshindwa kuusoma mswada aliweza kuusikiliza ukighaniwa, na utenzi ukabaki kuwa wake.

Mshairi Chamani

Familia ilimpeleka katika madrasa ya Sultan-ul-Madaris mjini Lucknow ili awe mwanachuoni wa dini. Badala yake aliwaongoza wanafunzi wenzake katika kudai haki zao, na safari yake ya uanachuoni ikakoma. Mwaka wa 1942, vuguvugu la kuwataka Waingereza waondoke India lilipopamba moto, aliacha masomo yake ya Kiajemi na Kiurdu. Mwaka wa 1943 alijiunga na Chama cha Kikomunisti, kisha akahamia Bombay kukifanyia kazi, akishughulika na wafanyakazi wa viwanda. Alishirikiana pia na Chama cha Waandishi wa Kimaendeleo, kilichoanzishwa miaka ya 1930 kikishikilia kwamba fasihi ina wajibu kwa jamii inayoteseka. Hoja hiyo twaijua vyema sisi tunaofundisha dhima ya fasihi.

Diwani yake ya Akhir-e-Shab ilitoka mwaka wa 1947. Katika miaka hiyo ndipo lilipovuma shairi lake Aurat, maana yake "Mwanamke". Nafsineni katika shairi hilo ni mwanamume anayemhimiza mpenzi wake ainuke watembee pamoja, badala ya kubaki pambo la nyumba. Kwa ushairi uliokuwa umezoea kuusifu uzuri wa mwanamke na kulalamikia ukatili wake, huo ulikuwa mgeuko mkubwa. Binti mmoja wa Hyderabad, Shaukat, alimsikia Kaifi katika hadhara ya ushairi, akampenda. Walioana mwaka huohuo wa 1947. Shaukat naye alikuja kuwa mwigizaji wa jukwaani na wa filamu.

Maisha yao ya ndoa hayakuwa ya fahari. Waliishi katika makazi ya wanachama ambamo familia nane zilipewa chumba kimoja kimoja, na wote wakatumia bafu na choo kimoja. Binti yao Shabana Azmi, mwigizaji maarufu aliyezaliwa mwaka wa 1950, amesimulia kwamba baba yake alikipa chama mapato yake yote, akabakiza rupia 40 tu kwa mwezi.

Hapa mhakiki asiwe mpambe. Baadhi ya tungo za Kaifi za miaka hiyo zimeelemea upande wa kaulimbiu. Zina ari kubwa, lakini hazimwachii msomaji nafasi ya kufikiri. Funzo lake ni muhimu kwa swali letu. Mtunzi asiyelipwa na mtu, anayetunga kwa imani tupu, naye aweza kuangukia maneno aliyoandaliwa na wengine. Pesa si kifungo cha pekee cha kalamu.

Kaburi Kwanza, Maiti Baadaye

Mtoto hali kaulimbiu. Mwaka wa 1951 Kaifi alitunga nyimbo za filamu ya Buzdil. Iliongozwa na Shaheed Latif, mumewe Ismat Chughtai, mwandishi mashuhuri wa hadithi za Kiurdu. Hivyo ndivyo mshairi wa chama alivyoingia katika soko la filamu.

Soko hilo lilikuwa na desturi yake. Mara nyingi mtunzi wa muziki hutangulia kuunda mahadhi, kisha mshairi huitwa ayajaze maneno. Kaifi aliifananisha kazi hiyo na kuchimba kaburi kwanza, kisha kutafuta maiti atakayeenea humo. Ni tashbihi chungu, na imebeba dhihaka ya mtu anayejicheka mwenyewe. Lakini ikumbuke hadhara ile ya utotoni, mshororo ule mmoja aliopewa akaambiwa autungie wenziwe. Lile nalo lilikuwa kaburi lililokwisha kuchimbwa. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja watu waliliita ustadi. Kwa nini alipokuwa mtu mzima liitwe kujiuza?

Mwaka wa 1959 alitunga nyimbo za Kaagaz Ke Phool, filamu ya Guru Dutt yenye muziki wa S. D. Burman. Leo filamu hiyo huhesabiwa miongoni mwa kazi bora za sinema ya India, lakini wakati ule haikupata watazamaji. Filamu nyingine alizozitungia nyimbo nazo zilianguka, na katika soko linaloamini nyota, Kaifi akaonekana mwenye kisirani. Kazi ikapungua. Mlango ulifunguka tena mwaka wa 1964 kwa Haqeeqat, filamu ya Chetan Anand kuhusu vita vya India na China vya 1962. Madan Mohan alitunga muziki, Kaifi maneno. Wimbo wake wa mwisho, unaowekwa katika vinywa vya askari wanaokufa, umekuwa ukiimbwa India hadi leo katika siku za kitaifa. Utungo ulioagizwa kwa ajili ya filamu moja umeshinda umri wa filamu hiyo.

Heer Raanjha: Filamu Nzima kwa Ushairi

Mwaka wa 1970 Chetan Anand alimpa Kaifi kazi isiyo ya kawaida. Alitaka filamu ya Heer Raanjha, kisa cha kale cha mapenzi cha Wapunjabi ambacho mshairi Waris Shah alikiandika katika karne ya 18, na mazungumzo yote yawe ya kishairi. Wapendanao waongee kishairi, wagombanao watukanane kishairi, hata salamu na mashauri ya kawaida yafuate mizani na vina.

Wewe uliyefundisha ngonjera unaielewa shida iliyopo. Mathias Mnyampala alituonyesha kwamba majibizano ya jukwaani yaweza kubebwa na beti, na Ngonjera za UKUTA zilichapishwa mwaka uo huo wa 1970. Lakini ngonjera ni fupi, na wahusika wake kwa kawaida ni wawili watatu wenye hoja inayokinzana. Filamu ya saa mbili na zaidi ina mkulima, mzee, mwenye wivu, mama na kadhi, na kila mmoja anastahili sauti yake. Wote wakiongea kwa mizani ileile na msamiati uleule, mtazamaji atasikia mtu mmoja tu: mshairi. Mtunzi hulazimika kuufupisha mshororo kwa mwenye hasira, kuurefusha kwa mwenye kubembeleza, na kuvificha vina mahali ambapo mazungumzo yanahitaji kwenda mbio.

Hili ni jambo la kumwonyesha mtahiniwa anayedhani kwamba uhuru wa mshairi ni orodha ya istilahi za kukariri: inkisari, mazida, tabdila, kuboronga sarufi. Mshairi hafupishi neno ili apate alama. Hulifupisha kwa sababu mhusika wake yuko mbioni. Arudhi katika kazi kama hii ni nyenzo ya kuchora wahusika.

Garm Hava: Kiwanda cha Viatu Agra

Sasa tufike kwenye kazi inayolijibu swali letu waziwazi kuliko zote. Mwaka wa 1947 India ya Waingereza iligawanywa ikawa nchi mbili, India na Pakistan. Zaidi ya watu milioni 10 walihama, Waislamu wengi wakielekea Pakistan, Wahindu na Masingasinga wakielekea India, na mauaji yalikuwa makubwa. Ismat Chughtai alikuwa na hadithi ambayo hakuichapisha, kuhusu Mwislamu aliyebaki India huku jamaa zake wakiondoka mmoja mmoja. Kaifi na Shama Zaidi waliigeuza kuwa mswada wa Garm Hava, yaani "Upepo wa Moto", filamu iliyoongozwa na M. S. Sathyu na kukamilika mwaka wa 1973.

Katika hadithi ya Chughtai mhusika mkuu alikuwa mkuu wa kituo cha reli. Kaifi alimbadilisha. Katika filamu, Salim Mirza ana kiwanda kidogo cha viatu mjini Agra. Mabadiliko hayo hayakuja kwa bahati. Kaifi aliwahi kufanya kazi ya chama cha wafanyakazi miongoni mwa watengenezaji wa viatu, akazijua karakana zao na mashaka yao. Miaka mingi baadaye ujuzi huo ukarudi kuijenga tamthilia ya sinema.

Tazama faida yake kisanaa. Mkuu wa kituo hupata mshahara wa serikali; akiachwa na jamaa zake, huzuni yake ni ya moyoni. Mwenye kiwanda huhitaji mkopo, wateja na vibarua. Ubaguzi unapoingia, huingia kupitia mlango wa benki. Salim anaomba mkopo, ananyimwa, kwani nani atamkopesha mtu ambaye kesho huenda akahamia Pakistan? Ndugu yake anaondoka, na kwa kuwa nyumba ya ukoo iko katika jina la huyo aliyeondoka, wanaobaki wanaipoteza. Mama yao mzee anajificha katika chumba cha kuni akikataa kuhama. Binti, Amina, anaposwa na wanaume wawili kwa nyakati tofauti, wote Pakistan ikawachukua, naye anajiua. Salim mwenyewe anashukiwa ujasusi. Hakuna hotuba ndefu juu ya mgawanyiko wa nchi. Kuna viatu visivyouzwa na chumba cha kuni.

Mwishoni Salim anakata tamaa, anapanda gari la farasi pamoja na mkewe na mwanawe ili waende Pakistan. Njiani wanakutana na maandamano ya watu wanaodai kazi. Kijana anashuka kujiunga nao. Kisha baba naye anashuka, anamrudisha mkewe nyumbani, na kuingia katika umati. Yako maoni kwamba mwisho huu ni chama kinachosema, si Salim. Hoja hiyo ina uzito. Jibu langu ni hili: mwisho huo umelipiwa gharama yake. Mtazamaji ameona kila mlango ukifungwa, kwa hiyo umati ule ndio mahali pa pekee ambapo hapana aliyemuuliza Salim dini yake. Linganisha na tungo zile za ujanani. Imani ni ileile, ila safari hii ina karakana, ina mama, ina kaburi la binti.

Wakaguzi wa serikali waliizuia filamu hiyo kwa miezi kadhaa wakihofia ghasia. Ilipoonyeshwa ilipokewa kwa heshima, ikapata tuzo ya taifa kwa kuhimiza umoja. Mwaka wa 1975 Kaifi alipata tuzo za Filmfare kwa hadithi, kwa mswada na kwa mazungumzo ya filamu hiyo. Mwaka uo huo diwani yake Awara Sajde ilipata tuzo ya Sahitya Akademi, chuo cha taifa cha fasihi cha India. Kalamu moja, mwaka mmoja, ilitambuliwa sokoni na maktabani.

Miaka ya Mwisho

Mwaka wa 1973 Kaifi alipatwa na kiharusi kilichompoozesha mkono na mguu wa kushoto. Hakuacha kazi. Mwaka wa 1976 aliandika mazungumzo ya Manthan, filamu ya Shyam Benegal kuhusu chama cha ushirika cha maziwa huko Gujarat, iliyogharamiwa na wakulima 500,000 waliotoa rupia 2 kila mmoja. Mwandishi aliyewatumikia maskini bila malipo sasa alilipwa na maskini wenyewe.

Alirudi pia Mijwan, kijiji alichokiacha utotoni, akapigania barabara na shule. Mwaka wa 1993 alianzisha Mijwan Welfare Society, inayoshughulikia hasa elimu na kazi za mikono za wasichana. Mwanamume aliyemwita mwanamke ainuke katika shairi lake alimjengea mahali pa kusimama.

Tarehe 6 Desemba 1992 msikiti wa Babri ulibomolewa mjini Ayodhya. Kaifi aliujibu msiba huo kwa shairi, na mwaka wa 1995 alionekana katika filamu ya Naseem ya Saeed Akhtar Mirza akiigiza babu mgonjwa anayefariki siku ileile ya kubomolewa. Alifariki dunia tarehe 10 Mei 2002 mjini Mumbai.

Hitimisho

Nirudi sasa kwa yule mwanafunzi. Ningemjibu hivi: mwanangu, kipimo kilichowekwa na mwingine hakimwondolei mtu ushairi wake, maana hata bahari na vina tumevirithi, hatukuvibuni. Malipo nayo hayathibitishi chochote. Uliza kitu kingine. Mtunzi alitia nini ndani ya chombo alichokabidhiwa? Kaifi alikabidhiwa hadithi ya mtu mwingine akaitia viatu alivyoviona vikishonwa. Mtunzi wetu wa taarab akikabidhiwa mahadhi ya Bombay, akayatia uchungu wa Mvita kwa lugha ya Mvita, utungo ni wake. Akiyajaza maneno matupu ili mizani itimie, hata mahadhi yangekuwa yake mwenyewe, bado hajasema kitu.

Kwako mtahiniwa, onyo moja. Wasifu wa mtunzi hausimami badala ya matini. Usiandike kwamba kazi ni nzuri kwa sababu mwandishi aliteseka. Onyesha mahali maisha yalipoingia katika kazi na yalichobadilisha, kama mkuu wa kituo alivyogeuka kuwa mshona viatu. Hapo ndipo tahakiki huanza.

Maswali ya Mjadala

1. Eleza tofauti kati ya ghazal na nazm, kisha uonyeshe ni ipi inayokaribiana zaidi na shairi la arudhi la Kiswahili.
2. "Kifungo cha kalamu si pesa pekee." Jadili kwa kurejelea maisha ya Kaifi Azmi.
3. Kumbadilisha mhusika mkuu wa Garm Hava kulichangia vipi maudhui ya filamu hiyo?
4. Chagua wimbo mmoja wa taarab unaoufahamu. Bainisha kama maneno yake yanasimama kama shairi bila mahadhi.